Tupeane uzoefu: wewe uliyebadilisha bodi ya triga kwenye maka yako ya peintiboli, ulipata nini?

Kipanga_HTX

Wakuu salamu. Najua tunaocheza peintiboli (kupigana mipira ya rangi kwa bunduki tunazoita maka) kwa dhati ni wachache, wengi tuko Marekani na Ulaya na wengine wako Nairobi na Ghuba, lakini kila nikikutana na Mswahili mwenzangu uwanjani swali ni lile lile, "kaka nibadilishe bodi?" (bodi ni ile saketi ya umeme inayoamua triga ikivutwa maka ifanye nini) na majibu anayopata ni ya muuzaji tu, nunua hii itapiga haraka. Naomba tupeane uzoefu wa kweli. Uliyetoa bodi ya kiwandani ukaweka nyingine, au uliyetoka kwenye triga ya kawaida ukaenda ya umeme, tuambie maka gani na kilichobadilika hasa ni nini.

Naanza mimi. Nina Tippmann 98 Custom, lile dude la chuma lisilokufa, na nililifunga kishikio cha umeme cha Tippmann wenyewe, E-Grip, cha betri ya 9V. Humo ndani kuna solenoidi ndogo (sumaku ya umeme) ambayo kazi yake ni moja, kuvuta kile kijino kinachoshika nyundo. Nyundo ikiachiwa inagonga vali, gesi inatoka, mpira unaondoka na gesi iliyobaki inairudisha nyundo nyuma. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwenye maka ya aina hii bodi haigusi hewa wala haiongezi spidi ya mpira hata chembe, inachoamua ni lini nyundo iachiwe na mara ngapi kwa sekunde basi.

Baadaye nikaweka bodi ya kampuni nyingine na sababu yangu haikuwa kasi, nilitaka kuweka kikomo. 98 Custom haina macho (sensa za kuona mpira), haijui kama mpira umeshashuka au bado, na hopa (chombo cha mipira cha juu) ya kawaida ambayo mipira inashuka kwa uzito wake tu ukiikimbiza inashindwa, bolti, kile chuma kinachosukuma mpira mtutuni, inakutana na mpira uliokaa nusu inaukata, mtutu mzima unajaa rangi na mipira inayofuata inaenda kushoto na kulia. Bodi mpya ikaniruhusu kuweka mipira 8 kwa sekunde na tangu hapo naulenga mti naupiga. Mtu akiniuliza faida ya bodi namwambia ni hiyo, kuitawala maka yako. Karibuni.

Nyundo_MN254

Umesema ukweli msee wangu. Mimi niko Minnesota na natumia Ion ya mtumba. Kwa vijana ambao hawakuwepo, Ion ni maka iliyotoka 2005 kutoka kampuni ya Smart Parts na ndiyo ilileta maka ya umeme na hewa chini ya dola 300, kabla ya hapo hizo zilikuwa za watu wenye pesa. Kampuni ilifungwa 2010 kwa hiyo ukipata Ion leo ujue unategemea spea za watu wengine, na hapo ndipo bodi za pembeni kama za Virtue zimetuokoa, bila hizo maka nyingi zingekuwa zimetupwa.

Yangu niliinunua kwa jamaa aliyekuwa ameiweka kwenye stoo yenye unyevu, ukifungua kishikio unaona ukungu wa kijani kwenye konekta. Nikasafisha konekta, nikaagiza bodi, nikachomoa waya moja moja nikipiga picha kabla ya kila hatua (fanyeni hivyo jamani, zile waya ni nyembamba na zinafanana) na ikawaka.

Sasa tofauti na ya Kipanga, kwenye Ion solenoidi ndiyo inafungua hewa, kwa hiyo bodi ina usemi mkubwa zaidi. Kuna kitu kinaitwa dweli, ni muda ambao solenoidi inabaki imefunguliwa, unapimwa kwa milisekunde. Ukiwa mfupi mno bolti haimalizi safari yake, mpira unatoka goigoi na mwingine mbio. Ukiwa mrefu mno unamwaga hewa bure, mtungi unaisha kabla mechi haijaisha. Na ina macho, taa ya infraredi upande mmoja na kipokezi upande wa pili, mpira ukikata ule mwanga ndipo bodi inakubali kufyatua. Mkiona maka imeanza kupiga polepole ghafla msikimbilie kulaumu bodi, fungueni msafishe macho kwanza, mara nyingi ni rangi tu imeganda pale.

Na baridi ya huku ni somo lake. Betri ya 9V ya kawaida kwenye baridi inachoka haraka, solenoidi inakosa nguvu unasikia tiki tu bila mlio. Na aliye na mtungi wa CO2 ndiyo kabisa, presha yake kwenye nyuzi 21 ni kama psi 850, ikifika sifuri imeshuka mpaka kama 500, hapo uweke bodi gani? Hamieni kwenye hewa iliyobanwa.

Chui_wa_Leicester

Ndugu zangu mie nimezaliwa Mombasa nachezea timu ndogo huku Uingereza, maka zangu zote za Planet Eclipse, hao wako Manchester kwa hiyo vifaa si shida. Nataka kuongelea upande wa mashindano maana naona vijana wanaweka bodi halafu wanaletewa adhabu hawajui kwa nini.

Kuna rampingi. Unavuta triga mara tatu nne haraka haraka, bodi ikiona umefika kasi iliyowekwa inaanza kujazia yenyewe mpaka kwenye kikomo, na inaendelea ilimradi kidole kinaendelea kugusa. Miaka ya katikati ya 2000 ligi ya PSP ya Marekani waliruhusu mipira 15 kwa sekunde, ikawa inashushwa hatua kwa hatua, leo ligi ya NXL ni 10.2. Na mimi naunga mkono kushushwa. Boksi ni mipira 2000, kwa 15 kwa sekunde ukishikilia tu limekwisha ndani ya dakika mbili na kidogo, timu za watoto wa watu wa kawaida zilikuwa zinakufa kwa gharama ya rangi. Sasa hivi mchezo umerudi kwenye miguu na akili, anayejua kuhama bunka (kizuizi cha kujificha) kwa wakati ndiye anashinda.

Ushauri, kama ligi inasema 10.2 wewe weka 10 kamili. Refa ana kipima cha kwake kinachosikiliza mlio na saa ya bodi yako si lazima ikubaliane nacho.

Halafu dibaunsi, ule mpangilio wa bodi wa kuchuja mitikisiko ya triga. Swichi ndogo iliyo nyuma ya triga ikibonyezwa mara moja, vile vichuma vyake vinaruka ruka kidogo kabla ya kutulia, na maka yenyewe ikipiga inatikisa kidole. Bodi isipochuja hiyo mitikisiko inaihesabu kuwa umevuta tena. Kwa hiyo uko kwenye semi (mvuto mmoja mpira mmoja), umevuta mara moja imetoka miwili, na kwa refa hiyo ni maka haramu. Watu wanashusha dibaunsi makusudi ili wajisikie wana vidole vya moto, mie naona ni kujidanganya na kuwaibia wenzako. Nakwambia ipandishe. Jaribu hivi, elekeza mtutu chini, vuta triga polepole sana huku umeshika maka kilegevu, ikitoa zaidi ya mmoja ongeza dibaunsi, rudia mpaka iache.

MamaPacha_Ohio

Asanteni kwa huu uzi, mimi natokea Arusha niko Columbus, nacheza na kaka zangu na watoto wangu wakubwa. Wote mmeongelea kasi na mimi naomba niseme kitu tofauti.

Niliumia kifundo cha mkono wa kulia na baada ya kupona kidole cha shahada hakina nguvu kama zamani. Triga ya kawaida ni ndefu na nzito, lazima uachie kile kijino kinachoshika nyundo iliyobanwa na springi, nikicheza nusu saa mkono unawaka moto. Nilikuwa nakaa pembeni nawashikia watu maji. Kaka yangu akanitafutia maka ya umeme, triga yenyewe unaigusa kama unabonyeza maus ya kompyuta, na akabadilisha bodi kwa sababu ile ya mwanzo haikuwa na mipangilio mingi. Tukaweka semi tu, dibaunsi juu kidogo kwa sababu mkono wangu unatetemeka nikichoka, ule mtetemo ulikuwa unatoa mpira wa ziada na sikutaka kumpiga mtoto wa mtu mara mbili.

Kwa hiyo kwangu bodi ndiyo iliyonirudisha uwanjani. Kama kuna mtu humu ana ndugu mwenye matatizo ya mikono mwambieni hii njia ipo. Na wazazi, triga nyepesi ni nyepesi kwa kila mtu, soksi ya mtutu isitoke mpaka mmeingia ndani ya wavu, na barakoa usoni muda wote.

Kipanga_HTX

Dada MamaPacha umenigusa sana, hili sikuwahi kulifikiria. Ubarikiwe.

Fundi_Rongai

Sasa wakubwa, mimi nafanya kazi kwa uwanja wa kukodisha huku Nairobi, mimi ndio natengeneza maka. Nawasoma na nataka niseme ukweli wa huku, usiwekee maka ya kukodisha bodi. Wageni wa kampuni wanakuja wanaangusha maka kwa mawe, vumbi ile nyekundu inaingia kila mahali, ikinyesha ni matope. Maka ya kawaida nafungua nabadilisha oringi, naweka matone mawili ya mafuta inarudi kazini dakika hiyo hiyo. Ya umeme inataka betri kila wikiendi na konekta ikilegea mteja amesimama hapo anakuangalia. Spea ya bodi haipatikani dukani, unaagiza nje unangoja.

Yangu ya binafsi ndiyo ina bodi na naipenda sana. Nimeifunga kwa mkanda wa mpira kwenye maungio ya kishikio kuzuia vumbi, na kila nikimaliza natoa betri, hata wiki moja sikai nayo ndani. Betri ikivuja ile maji yake inakula nyaya.

Kitu kingine Kipanga hajasema, kabla hujafungua kishikio toa mtungi, toa hopa, elekeza chini ufyatue mpaka hewa yote iishe. Nimeona mtu anafungua maka ikiwa na presha na bolti ikatoka mbio ikapita karibu na sikio lake.

Ngoma_ya_Kivu

Salamu kwa wote, miye ni mutu wa Bukavu, niko Ujerumani. Huku mambo ni ingine kabisa na naomba wenye wako huku wasome vizuri. Maka lazima iwe na herufi F ndani ya pembe tano, ile inamaanisha haipite joule 7.5, na lazima uwe na miaka 18. Bodi nyingi zenye munazungumza zinakuja na basti na fulu oto ndani (mipira kadhaa, ao mfululizo, kwa kuvuta mara moja), huku ile ya oto iko kwenye sheria ya silaha. Kama unaagiza bodi kutoka Marekani sababu bei ni muzuri, uulize kwanza muuza maka mwenye leseni, na kazi ya kuiweka umuachie yeye. Miye nilifanya vile, alinipatia bodi ya semi peke yake na karatasi yake, niko nacheza na roho safi.

Zenji_Muscat

Assalaam alaykum. Nina swali kwa Nyundo au yeyote. Nimenunua maka ya umeme ya mtumba, imeshabadilishwa bodi na mwenyewe wa kwanza, sina kitabu chake. Mpira wa kwanza asubuhi unatoka dhaifu, unaanguka karibu, wa pili na kuendelea ni sawa. Joto la huku mnalijua. Ni bodi?

Nyundo_MN254

Waalaykum salaam. Hapana sheikh, hiyo mara nyingi ni oringi za bolti, maka ikikaa zinanata kwa hiyo safari ya kwanza bolti inachelewa na dweli inaisha kabla hewa haijafanya kazi yake. Joto linakausha grisi. Toa bolti, futa grisi yote ya zamani, paka mpya nyembamba ya maka, si ya gari. Ikiwa bado ndiyo uangalie bodi, nyingi zina kipengele cha kuongeza dweli kwa mpira wa kwanza tu baada ya maka kukaa muda, ukiwasha hicho inatosha.

Na kama hujui dweli iliyowekwa ipange upya. Nenda kwenye krono (kipima spidi ya mpira), weka spidi unayotaka kwa regyuleta (kidhibiti cha presha), mimi huku uwanja wetu ni futi 280 kwa sekunde na viwanja vingi havipiti 300. Halafu shusha dweli nusu milisekunde, piga mipira kadhaa, shusha tena. Mahali spidi inapoanza kuanguka au kuyumba rudisha juu milisekunde moja, acha hapo. Usipandishe spidi kwa dweli, spidi ni kazi ya regyuleta.

Zenji_Muscat

Ahsante sana. Nimefungua leo baada ya alasiri, grisi ilikuwa imekuwa kama gundi. Nimepaka mpya na mpira wa kwanza umekwenda sawa na wa pili. Krono nitaipata Ijumaa kwa rafiki, nitawaletea namba.

Chui_wa_Leicester

Zenji ukipata namba za mipira kumi mfululizo zilete zote usilete wastani peke yake, tuone zinapishana kiasi gani. Na utaje jina lililoandikwa kwenye bodi yenyewe, kuna mtu humu atakuwa na kitabu chake.