Miti ya meza ya reli, skeli ya HO: waya, vijiti vikavu au pamba na sponji?

KipandeChaJinja
Salaam ndugu zangu. Meza ninayopanga, ya reli ndogo ya mfano, ni ya HO (1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87), mita 2.4 kwa 0.6, upana kati ya reli mbili milimita 12 kwa kuwa njia yetu halisi ni ya mita moja. Inaonyesha kipande cha kabla ya daraja la Nile, pale Jinja. Nahitaji mivule miwili, miembe ya kituoni, safu ya mikaratusi na migomba mingi. Kati ya waya uliosokotwa, vijiti vya asili, na pamba yenye sponji, kipi kifae mti gani? Na kila kimoja huharibikia wapi?

FundiNyuzi
Kwa mwembe wa mbele, waya hauna mpinzani. Tafuta waya wa umeme wa nyumba wa 1.5 mm² wenye nyuzi 7; kila uzi una karibu milimita 0.5. Mafundi umeme hubakiwa na vipande vingi. Kata vipande 6 vya sentimita 28, vua plastiki, upate nyuzi 42. Acha sentimita 3 chini ziwe mizizi, kisha sokota shina sentimita 4 tu, maana mwembe hutawanya matawi mapema. Gawa mafungu 6 ya nyuzi 7, sokota sentimita 3, gawa tena 4 na 3, uendelee hadi ncha zibaki uzi mmojammoja. Mwembe wa mita 15 uwe na sentimita 17 juu ya ardhi.

Angalia unene. Nyuzi 42 zikisokotwa hutoa shina la karibu milimita 4, yaani sentimita 35 kwa mti halisi. Mwembe mzee ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo zungushia uzi wa pamba chini kabla ya kupaka gome. Gome ni gundi nyeupe ya mbao sehemu 2 na vumbi la msumeno lililochujwa sehemu 1. Ndeeba, kwenye karakana za mbao Kampala, vumbi halikosekani. Paka mara mbili, nyembamba, brashi ikienda kwa urefu wa shina. Kunja matawi yote kabla ya kupaka. Ukikunja baadaye, gome linapasuka na shaba inachungulia.

Waya wa kufungia nondo usiutumie. Ni mnene mno kwa ncha, na maji ya gundi huutia kutu inayotokeza madoa hadi juu ya rangi.

MziziMkavu
Waya ni mzuri, lakini kwa miti 40 vidole vitakoma. Safu ya nyuma ipe mizizi midogo ya vichaka, igeuzwe juu chini: imejigawa yenyewe vizuri kuliko mkono unavyoweza. Ioshe udongo wote, ianike, kisha iweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi kwa saa moja. Hatua hiyo usiiruke: wadudu wa mbao wakibaki ndani, unga wao utaanza kudondoka chini ya mti mezani. Kasoro yake nyingine ni kukatika. Mzizi mkavu ukiguswa na kiwiko umekwisha. Basi usiupande pale mkono unapopita kuokoa behewa lililoanguka.

MajaniMabichi
Mifupa ya mti mmeimaliza, nami niseme majani, kwa sababu mti mzuri huharibikia hapo. Nunua pamba ya kujazia mito, ile ya poliesta. Pamba ya kweli ikilowa hujikunja donge. Ipulizie rangi ya kijani kibichi iliyokoza, vinginevyo weupe utaonekana. Ivute mpaka uone kidole chako upande wa pili, ndipo uitandaze juu ya matawi. Wengi huiacha nene, na mti unakuwa kama ua la koliflawa.

Sponji ya godoro kata vipande vya sentimita 2, loweka kwenye rangi ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kamua, kausha kabisa. Isage na maji kwenye blenda ambayo haitarudi jikoni kamwe, kausha tena, chekecha kwa chujio la chai. Tengeneza kijani cha aina tatu: cheusicheusi chini ya kichwa cha mti, cha kati pande zote, cha manjano kidogo juu panapopigwa na jua. Chagua rangi ya nje ya nyumba, kwa kuwa nyingi zina dawa ya ukungu, na unyevu wa ziwa unajulikana. Sponji isiyopakwa rangi hugeuka njano na kuwa unga ikikaa dirishani.

Dawa ya nywele ya kupuliza hushika majani hayo ya sponji, yakinyunyizwa juu ya pamba, kwa muda tu. Yakishatulia, pulizia gundi nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji yanakaa matone juu na gundi haiingii ndani.

KipandeChaJinja
Asanteni sana. Na mvule? Mita 35 ni sentimita 40 mezani, utameza kila kitu.

FundiNyuzi
Punguza hadi sentimita 28. Kinachoutambulisha mvule ni shina refu lililonyooka lisilo na matawi, kisha kichwa kipana juu. Chukua kijiti cha mbao cha milimita 10, kichonge kwa msasa kiwe chembamba juu, toboa matundu 6 ya milimita 1.5 kwenye theluthi ya juu, uingize matawi ya waya.

MziziMkavu
Hapo natofautiana kidogo. Mmoja uache na sentimita 40 zake, nyuma kabisa kwenye kona. Ukiipunguza yote, msitu unakuwa bustani.

MajaniMabichi
Mkaratusi usiujaze majani: vishada vidogo kwenye ncha tu, mbingu ionekane katikati, na shina la kijivu cheupe lenye michirizi ya kahawia.

Mgomba wa mita 4 ni milimita 46. Jani ni karatasi mbili nyembamba zilizogandishwa na uzi wa shaba katikati, urefu milimita 25, kingo zikichanwa kwa wembe kuelekea kwenye uti. Majani 7 au 8 yanatosha, mawili ya chini yawe makavu, yananing'inia. Migomba isiyo na jani kavu haionekani ya Uganda.

FundiNyuzi
Mwisho, usiigandishe miti mezani. Acha msumari mwembamba chini ya shina, toboa tundu linalolingana, uchomeke. Itatoka unaposafisha reli. Mti wa waya usio na gome kwenye mizizi uwe mbali na njia, maana shaba ikigusa reli zote mbili umeme unapiga shoti na gari moshi linasimama.