Mama anasahau sana siku hizi, nimpe chakula gani?

Mwana_Makorora: Wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye hapa Tanga. Huyu ndiye mama aliyekuwa akikumbuka nani hajalipa hela ya ubuyu tangu mwaka juzi. Tangu mfungo uishe anauliza jambo moja mara tatu, na juzi kapotea akitoka soko la Mgandini, bodaboda ndiye kamrudisha. Naomba vyakula vya kurudisha kumbukumbu. Habari za hospitali hapana.

Bi_Ngamiani: Pole mwanangu. Samaki na mboga za majani. Marehemu mama yangu alifika kumwita mume wangu kwa jina la mchumba wangu wa kwanza, mbele ya mawifi! Usimgombeze tu.

Pweza_Mkavu: Tanga hiyo, fukiza ubani kwanza 😂

Nesi_Mstaafu: Jina likipotea likarudi baadaye, huo ni uzee. Kupotea njia ya kila siku, tena kwa ghafla, kuna jambo: maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, au dawa. Anameza nini?

Mwana_Makorora: Ya presha tu.

Nesi_Mstaafu: Na za dukani?

Mwana_Makorora: Haya. Usiku nampa Piriton mbili, zile za mafua. Alikuwa halali, anafungua milango, na mimi alfajiri naenda kazini. Mlitaka nifanyeje? Mbona hata watoto wanapewa!

Nesi_Mstaafu: Hiyo inazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika kumbukumbu, na mwili wa mzee unachelewa kuitoa dawa hiyo. Mpeleke hospitali ya Bombo, beba dawa zake zote kwenye mfuko. Wapime damu, mkojo na masikio pia. Asichokisikia hawezi kukikumbuka.

Shahidi_Macho: Subirini. Huyu si ndiye aliandika mama yake kafariki, anataka ushauri wa mirathi? Uzi bado upo.

Mwana_Makorora: Yule ni mama mkubwa, ndiye aliyenilea. Soma vizuri.

Pweza_Mkavu: Jukwaa hili mama zetu hufa wakafufuka.

Bi_Ngamiani: Nyamaza wewe. Mama mkubwa si mama?

Wa_Pangani: Awe mkweli awe mwongo, mimi baba yangu anameza hizo hizo za mafua, na diazepamu ya usingizi miaka sasa. Nizitupe zote leo?

Nesi_Mstaafu: Ya mafua aache. Diazepamu usikate ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari ndiye aipunguze pole pole.

Mwana_Makorora: Na mama asipolala leo?

Nesi_Mstaafu: Piriton usimpe. Asubuhi akae juani, mchana asilale muda mrefu, mpe kazi aliyoizoea, hata kuchambua mchele. Chai ya jioni usimpe. Mlangoni funga kengele ili akitoka usikie. Na kesho omba ruhusa kazini, umpeleke.