Klorheksidini pekee inatosha kusafishia mfereji wa mzizi?

Molari36
Wakuu, salaam. Kliniki inataka kuachana na sodiamu haipokloraiti 5.25% (dawa ya klorini) ibaki na klorheksidini 2% (dawa ya kuua vijidudu) tu kwenye tiba ya mizizi. Hoja ni kwamba haipokloraiti inaunguza ikivuka ncha ya mzizi, wakati klorheksidini ni pole, inaua bakteria na inaendelea kufanya kazi ndani ya dentini (tabaka gumu la jino linalozunguka mfereji). Mnashaurije?

Faili25
Haitoshi, mkuu. Klorheksidini haiyeyushi nyama. Mzizi wa nyuma wa gego una vijia na mifinyo ambayo faili (kifaa chembamba cha kukwangua mfereji) haigusi kabisa, na mabaki ya kiini cha jino hujificha humo pamoja na utando wa bakteria. Hayo yanahitaji haipokloraiti. Kama ukali ndio hofu, punguza: 5.25% na maji yaliyotoneshwa sawa kwa sawa inakupa takriban 2.6%. Ila ikiwa hafifu lazima uibadilishe mara nyingi zaidi na uipe muda, kwa sababu klorini yake huisha haraka ikikutana na nyama. Chupa iwe nyeusi, ikae penye ubaridi.

Daktari_wa_Zamu
Naongezea kwamba ajali nyingi chanzo chake ni mgandamizo, hata dawa ikiwa hafifu. Tumia sindano nyembamba ya geji 30 yenye tundu la ubavuni. Weka alama ya mpira, ikomee milimita 2 kabla ya urefu wa mfereji uliopima. Isibane! Ipandishe na kuishusha muda wote, na usukume kwa kidole cha shahada. Gumba lina nguvu mno. Jino ambalo ncha yake haijafunga, au mzizi uliotoboka, ongeza tahadhari mara mbili.

Mgonjwa akishtuka kwa maumivu makali, shavu likavimba hapo hapo na damu ikajaa mferejini, simama. Osha taratibu kwa salini (maji ya chumvi ya hospitali), mweleze kilichotokea, mpe dawa ya maumivu, na barafu kwa vipindi siku ya kwanza. Uvimbe ukielekea shingoni au akipata shida ya kupumua, hospitali mara moja.

Molari36
Shukrani. Basi zote mbili zipangweje? Na Jik ya dukani, ile ya kufulia yenye haipokloraiti, je?

Faili25
Haipokloraiti kila unapobadilisha faili. Ukimaliza kutanua, EDTA 17% (kemikali inayofyonza madini ya dentini) kwa dakika 1 hivi iondoe ule utando wa vumbi la dentini; ukiiacha sana inakula dentini yenyewe. Usizichanganye kwenye bomba moja, EDTA inaimaliza klorini.

Klorheksidini, kama unaitaka (mfano jino linalorudiwa tiba), iwe ya mwisho kabisa. Ikikutana na haipokloraiti hutoa mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vitundu vya dentini na kubadili rangi ya jino. Ikikutana na EDTA hutoa mashapo meupe. Kwa hiyo kati ya dawa na dawa osha kwa salini nyingi na kausha kwa vijiti vya karatasi.

Daktari_wa_Zamu
Kuhusu Jik: asilimia ya kwenye lebo ni ya siku ilipotengenezwa. Ikikaa dukani kwenye joto na mwanga hupungua, hivyo hujui unaweka nguvu gani. Zile zenye manukato haziingii mferejini hata kidogo. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya meno, na uangalie tarehe.