Tupeane uzoefu: uliyewahi kwenda vijiji vya wavuvi Skandinavia kiangazi, yalikukuta yapi?

Mtoto wa Mikindani
Wakuu, habari za Jumapili. Jana rafiki yangu kanitumia picha ya vile vibanda vyekundu vilivyosimama kwenye nguzo juu ya maji, nyuma mlima umechongoka, ananiuliza kama panafaa kwa fungate. Nikacheka peke yangu kwenye treni hadi watu wakageuka. Picha haina harufu, wala haina kelele za shakwe saa nane usiku.

Mimi nilifikia Å, kule visiwa vya Lofoten, Norwei, ambako barabara ya E10 inaishia na mbele ni bahari tu. Ilikuwa katikati ya Juni. Wale ndege wamejenga viota ukutani, juu ya madirisha, kinyesi kimechora mistari kwenye mbao, na mayowe hayana mapumziko kwa sababu usiku wenyewe haupo. Jua halizami kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai. Unaamka, mwanga huo, unavaa, unachemsha chai, unatazama simu: saa saba na nusu usiku. Kilichoniokoa ni lile duka la mikate la tangu 1844. Skonsi zao za mdalasini zikitoka motoni unasahau hata ndege.

Haya, mwageni yenu. Si Norwei tu, Uswidi na Denmaki pia.

Kipepeo wa Ngamiani
Naweka kambi hapa.

Baba Swaumu
Mkuu, hapo kwenye jua kutozama. Maghrib mliswali saa ngapi?

Mtoto wa Mikindani
Sheikh, mimi ni Mroma, nilikuwa natafuta usingizi tu.

Bi Mwana wa Vanga
Baba Swaumu, Waislamu wengi wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, msimu huo wanafuata saa za Makka. Wengine wanafuata mji wa karibu ambao jua linazama. Ulizia msikiti wa hapo ulipo, usiulizie mtandaoni maana tutaanza kutoana macho.

Mtumwa wa Haki
Kufuata Makka wakati uko Norwei ni dalili gani hiyo? Leteni ushahidi.

Bi Mwana wa Vanga
Ndiyo niliyoyasema hayo.

Shangazi wa Kaskazini
Mleta mada umenitonesha kidonda. Hii nilisema sitaiandika popote.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kututembelea Julai moja kutoka Pangani. Huyu mtu kalelewa majini. Utotoni alikuwa anavuka mto kwenda Bweni kwa kuogelea, pantoni anawaachia wenye mizigo. Tukampeleka Henningsvær, huko huko Lofoten, tukapanga kibanda gatini. Siku yenyewe wenyeji wanasema joto, yaani nyuzi 18, watoto wa Kizungu wanajirusha majini wanapiga kelele za furaha. Shemeji akasema kama hawa wa miaka saba wanaweza, mimi nishindwe? Mume wangu akamwambia tia mguu kwanza. Hakutia mguu. Alipiga mbizi ya kichwa.

Alipoibuka sikumtambua. Mdomo wazi, macho yamemtoka, anavuta pumzi fupi fupi kama mbwa aliyekimbizwa, na sauti ya kuita haitoki. Mtu anayejua maji kuliko sisi sote anapigapiga mikono bila kwenda popote. Na maji yalikuwa yamekupwa. Ngazi ya chuma ipo, lakini vidato vya chini vimejaa mwani, na pembeni kome wana makali. Kaishika, ikamponyoka. Kaishika tena, nyayo zinachanika, damu naiona kwenye chuma. Mume wangu anavua viatu aingie, mimi nimemkamata shati namwambia wawili sitawaweza.

Gati ya pili kulikuwa na mzee anasugua makreti ya samaki. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Kachukua upembo wa mashua, kaja, kalala kifudifudi kwenye mbao, kampitishia kwapani, akamwambia kwa Kiingereza asiogelee, aelee tu. Shemeji akaelea chali, mzee kamshikilia pale pale. Baada ya muda pumzi ikarudi, rangi ikarudi, ndipo akapanda kidato kwa kidato.

Nilipompelekea mzee kahawa akaniuliza kijana anatoka wapi. Nikasema Tanzania, pwani kabisa. Akauliza maji ya kwenu nyuzi ngapi. Nikamwambia 28. Ya pale siku ile yalikuwa 12. Alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Kipepeo wa Ngamiani
Dada Shangazi pole. Nimesoma nimebana pumzi.

Mkinga Halisi
Hii chai. Nyuzi 12 ndiyo imtie mtu kiwewe? Makambako maji ya bomba mwezi wa saba ndiyo hayo hayo na tunaoga kabla ya kwenda shule.

Shangazi wa Kaskazini
Unaoga kwa kopo, mdogo wangu. Tena ulikuwa unalowesha uso na miguu, mama yako akigeuka unajipaka mafuta.

Mkinga Halisi
Usimwingize mama yangu humu.

Nesi wa Malmö
Mkinga, si chai. Mwili mzima ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi, pumzi inaruka yenyewe, huiamrishi. Ukiwa chini ya maji wakati huo unavuta maji. Kipindi kibaya ni zile dakika za mwanzo, na dawa yake ndiyo aliyoijua yule mzee: elea, tulia, pumzi ikirudi ndipo uogelee. Wale watoto wa miaka saba wameanza kuingia wakiwa wadogo, miili imeshazoea. Shuka kwa ngazi, jimwagie shingoni, halafu ingia taratibu.

Dereva wa Göteborg
Mimi nasema kinyume. Kaa sauna mpaka uive, halafu ruka. Ukiingia taratibu utaishia magotini.

Mzee wa Busara
Au kunywa kidogo, damu ichemke.

Nesi wa Malmö
Usinywe!! Pombe inakudanganya una joto huku mwili unapoteza joto.

Mzee wa Busara
Nilikuwa natania. Nusu.

Dereva wa Göteborg
Hata ukitaka Norwei hununui. Bia dukani inafungiwa saa mbili usiku, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, Jumapili hakuna. Vikali vina duka lake la serikali.

Nije Uswidi sasa. Smögen, pwani ya magharibi. Lile gati la mbao lina urefu wa kama mita 600, vibanda vya mashua vimepakwa kila rangi, na Julai watu wamebanana hivyo hivyo urefu wote. Nikanunua kamba wa kuchemshwa, wanauzwa baridi na maganda yao, unamenya mwenyewe, mkate na limau pembeni. Nimekaa ukingoni, nimemenya kwa subira, nimejipangia rundo langu zuri nile kwa mpigo. Shakwe kashuka nyuma ya sikio. Rundo lote. Mama wa Kiswidi wa jirani hakushtuka hata kidogo, akanisogezea nusu ya wake bila neno. Tangu hapo namenya mmoja nakula mmoja.

Binti Kizimkazi
Smögen konyeza wapo? Wale wekundu wenye nywele ndefu? Mimi walinipitia mguuni Fjällbacka, nilipanda mwamba kwa magoti. Watu pale wanapiga picha sanamu ya Ingrid Bergman, yule mwigizaji wa sinema, alikuwa na kisiwa cha kupumzikia jirani, mimi nalia.

Mkinga Halisi
Siki.

Mzee wa Busara
Mkojo.

Nesi wa Malmö
Mzee, ondoka kwenye uzi huu. Huku wanasuuza kwa maji ya bahari yale yale, bila kusugua.

Papa Likasi
Bandugu, sisi bakimbizi ba Kongo, commune, yaani serikali ya mtaa, ilituleta kaskazini kabisa, hatukuchagua. Siku ya kwanza naona yale matanda ya mbao, samaki wananing'inia juu, maelfu. Mke wangu akalia, akasema hii ni harufu ya soko kwetu. Makayabu, samaki mkavu wa chumvi wa kwetu! Ya hapa haina chumvi, upepo na baridi ndiyo vinakausha, wanaitundika Februari, wanaishusha karibu na Juni. Nyie wa Julai mnakuta matanda matupu, mnapiga picha za miti. Vichwa havitupwi, vinakwenda Nijeria. Loweka siku nyingi, pika na nyanya na pilipili, kula na fufu. Mzungu jirani yetu siku hizi anabisha hodi mwenyewe.

Nyar Homa Bay
Nyinyi mnasifu Wanorwei na samaki, sisi Kenya tunakumbuka Kalokol. Walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kule Turkana, watu wa mifugo, umeme wa shida, ziwa likapungua. Jengo likabaki hivyo tu.

Mtoto wa Mikindani
Mbona Mbegani, Bagamoyo, walisaidia chuo cha uvuvi na kipo mpaka leo? Tatizo si Wanorwei.

Nyar Homa Bay
Wabongo mkisaidiwa mnasifu. Si tungoje utalii uishe ndio tuongee siasa.

Mtoto wa Mikindani
Wewe ndiye uliyeanza.

Baba Swaumu
Nyama ya nyangumi niliiona imeandikwa kwenye ubao wa mgahawa Svolvær. Tunafanyaje?

Mtumwa wa Haki
Cha bahari halali, maiti yake halali.

Binti Kizimkazi
Halali lakini roho yangu haikubali. Kizimkazi tunaishi kwa kuwaonyesha wageni pomboo, nikamle binamu yake?

Fundi Aarhus
Denmaki: nendeni Skagen. Nyumba za manjano, paa nyekundu. Kuna trekta linavuta mabehewa mpaka ncha ya mchanga ambako bahari mbili, Skagerrak na Kattegat, zinagongana, unaona mawimbi yanakuja pande mbili yanapigana vichwa. Simameni mguu huku mguu kule, picha, basi. Kuogelea pale marufuku na si utani, mkondo unabeba. Shemeji wa Pangani asipelekwe.

Shangazi wa Kaskazini
Siku hizi hata besenini anatia mguu kwanza.

Kipepeo wa Ngamiani
Nina safari Julai. Nibebe nini?

Dereva wa Göteborg
Koti la mvua, kitambaa cha kufunika macho, na shuka. Vile vibanda vya bei nafuu shuka ni malipo ya pembeni, na usafi unafanya mwenyewe kabla hujarudisha funguo. Mimi nilidaiwa faini kwa ajili ya kikaango, mpaka leo sijui kikaango kipi.

Binti Kizimkazi
Dawa ya usubi. Upepo ukilala tu wamefika.

Nesi wa Malmö
Uswidi jikague kupe, hasa nyuma ya magoti. Na ukienda Juni badala ya Julai, chunga sikukuu ya Midsommar, maduka mengi yanafungwa mapema na mji mzima uko nyasini unacheza ngoma ya chura.

Kipepeo wa Ngamiani
Inaangukia lini hiyo?

Nesi wa Malmö
Mkesha wake ni Ijumaa, kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Nunua mkate Alhamisi.