Samaki wa dhahabu wanatweta juu ya maji, nifanyeje?

MamaPacha: Habari zenu wakuu. Nimewanunulia watoto samaki wawili wa dhahabu wale wenye mkia kama shela, wako kwenye bakuli la kioo la lita 5 hivi. Mwanzo walichangamka, sasa wanakaa juu juu midomo wazi na maji yana ukungu. Maji nabadilisha yote kila siku, ya bomba, na chakula wanapata cha kutosha. Shida nini jamani? Watoto wamewapenda mno.

Kijana wa Pangani: Pole dada. Shida ni bakuli na hayo maji. Hawa wanachafua maji kweli kweli, wanatoa amonia, ile sumu ya uchafu wao, na kwenye maji kidogo hivyo inawaunguza matamvua ndo maana wanatweta, halafu klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, nayo inamalizia. Leo toa nusu tu, weka maji yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana ili klorini iishe, kama huna chemsha uyapooze kabisa uyakoroge yashike hewa. Chakula acha leo na kesho, hawafi njaa.

mzee_wa_tenki: Naongezea hapo. Wawili hao wanataka lita 100 na kuendelea, maana wanakua hadi sentimita 15 au zaidi na wakitunzwa wanapita miaka 10. Tafuta filta ya sponji na pampu ya hewa. Humo kwenye sponji ndo wanakaa bakteria wanaoigeuza amonia isiwe sumu kali, ila wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga, kipindi hicho badilisha maji kidogo kidogo kila siku, baadaye robo kwa wiki inatosha. Na sponji USIIOSHE bombani, ikamulie kwenye maji uliyotoa humo humo tenkini, klorini inaweza kuua bakteria hao uanze upya.

MamaPacha: Asanteni sana, ndoo nimeshajaza. Tenki bado hela sina, beseni kubwa la kufulia linafaa?

mzee_wa_tenki: Linafaa sana tu, pana ni bora kuliko refu kwa sababu hewa inaingilia juu. Lisugue kwa chumvi, sabuni usiguse, weka kivulini na wavu juu maana wanaruka. Umeme ukikatika chota maji kwa kikombe uyamimine toka juu, rudia rudia mpaka uone wameshuka chini.