Brauza huweka wapi faili likiwa bado linashuka? Nimechagua diski D, inayojaa ni C

kisanduku_D (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Natumia Windows 10 na Chrome. Diski C imebakiwa na GB 5, D ina zaidi ya GB 200. Kwenye mipangilio nimeshaweka vipakuliwa viende D:\Mizigo. Nashusha faili la GB 6.2, cha ajabu inayopungua ni C, na likifika asilimia 70 na kitu linakata kwa madai kwamba nafasi imeisha. Nikifungua D:\Mizigo sioni kitu. Brauza huwa inalificha wapi faili kabla halijakamilika, na hapo mahali panahamishika?

La pili: nina mabaki ya faili jingine, GB 3.1 kati ya 4.4, yana mkia wa .crdownload. Yanaokoleka au nifute tu?

Futa_Yote

Futa kache mkuu. Ctrl+Shift+Delete, chagua muda wote, kisha washa upya. Brauza hushushia kwenye kache kwanza, ndipo ihamishie kwenye folda yako.

nukta_mkato

@Futa_Yote hapo unampoteza. Hiyo ilikuwa tabia ya Internet Explorer za zamani: faili lilijaa kwanza kwenye Temporary Internet Files ndani ya C, halafu likanakiliwa upya kwenda ulikochagua. Ndiyo maana zama zile C ilitakiwa kuwa na nafasi hata kama mzigo ni wa D.

Chrome na Edge za leo haziendi hivyo. Zinaandika moja kwa moja kwenye folda ya mwisho kwa jina la muda, mfano picha.zip.crdownload. Likikamilika jina linabadilishwa tu. Kubadilisha jina ndani ya diski ileile hakunakili hata baiti moja, kwa hiyo huhitaji nafasi mara mbili. Kache ni kitu kingine kabisa: inatunza picha, hati za mtindo na vipande vya kurasa, ipo kwenye Default\Cache ndani ya profaili, yaani folda ambamo Chrome hutunza mipangilio na data zako. Ukiifuta, .crdownload haiguswi.

Kuna jina jingine linalowachanganya watu: "Unconfirmed 482913.crdownload". Hilo ni faili linalosubiri neno lako. Ama hujajibu dirisha la kuuliza lihifadhiwe wapi, ama Chrome imelitilia shaka na inangoja useme libaki au litupwe. Na dirisha la kuuliza likiwa wazi, baiti zimeshaanza kuingia kwenye folda ya msingi. Wewe folda yako ya msingi ni D, kwa hiyo hata hilo halielezi kisa chako.

Tuambie: hiyo asilimia 70 unaiona wapi? Kwenye orodha ya Chrome (Ctrl+J) au ndani ya ukurasa wenyewe?

kisanduku_D

Ndani ya ukurasa, mkuu. Kuna mstari unaojaa. Ctrl+J haionyeshi chochote muda wote huo.

mfereji64

Basi mwizi ameshajulikana. Hapo Chrome haijaanza kupakua chochote kwa maana ya kawaida. Ukurasa wenyewe ndio unaovuta vipande kwa JavaScript, unavifungua kama vimesimbwa, unaviunganisha, na mwisho kabisa ndipo unaikabidhi Chrome faili zima ilipeleke D. Tovuti za kuhifadhi mafaili zenye usimbaji wa upande wa mtumiaji nyingi hufanya hivyo.

Vile vipande vinakaa kwanza kwenye RAM. Vikizidi, Chrome inavimwaga kwenye profaili yako, na profaili iko C hata kama vipakuliwa viko D. Angalia folda hizi mbili mstari ukiwa unajaa:

%LocalAppData%\Google\Chrome\User Data\Default\blob_storage
%LocalAppData%\Google\Chrome\User Data\Default\File System

Bofya kulia, Properties, tazama ukubwa. Fungua Properties upya kila baada ya dakika moja. Mojawapo itakuwa inanenepa. Kama una profaili zaidi ya moja, "Default" inaweza kuwa "Profile 1" au nyingine, chrome://version itakuonyesha njia kamili.

Jua pia kwamba kwenye kompyuta Chrome inajiwekea kikomo cha hiyo blob_storage: takriban sehemu ya kumi ya ukubwa wa diski nzima ilipo profaili. C ya GB 120 inakupa kama GB 12, hata ikiwa tupu.

Dawa ninayoipendelea mimi ni kutumia programu ya kompyuta ya hiyo huduma, kama ipo, kwa sababu inaandika kwenye D moja kwa moja na mtandao ukikatika inaendelea. Kama haipo, funga Chrome yote, bonyeza Win+R, andika:

chrome.exe --user-data-dir="D:\ChromeMizigo"

Itafunguka Chrome tupu, haina alamisho wala nywila zako, na kila cha muda kitaangukia D. Folda ya vipakuliwa iweke tena, maana profaili mpya haikumbuki ya zamani. Hapa sasa nafasi mara mbili inahitajika kweli: GB 6.2 za vipande na GB 6.2 za faili lenyewe.

kisanduku_D

blob_storage imefika GB 4 nikiwa naitazama! Nimefunga kichupo, nafasi imerudi. Nahamia kwenye profaili ya D. Vipi yale mabaki?

nukta_mkato

Yanaokoleka iwapo seva inakubali kutoa faili kuanzia katikati. Kwanza usibonyeze Ghairi kwenye Ctrl+J, kwa sababu Ghairi inafuta mabaki. Nakili hiyo .crdownload pembeni, ufanye kazi na nakala.

Jaribu njia rahisi: Ctrl+J, bofya Endelea. Chrome inaiomba seva baiti zilizobaki tu. Seva ikijibu 206, inaunganisha. Ikijibu 200, maana yake inaanza sifuri. Ikijibu 403, kiungo kimekufa, nenda ukurasa wa mwanzo ukachukue kipya.

Kiungo kipya Chrome hukichukulia kama faili jipya, kwa hiyo tumia curl, programu ya kushushia mafaili kwa kuandika amri, ambayo ipo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1803. Badilisha jina la nakala liwe la mwisho, mfano mfumo.iso, kisha:

curl.exe -L -C - -o D:\Mizigo\mfumo.iso "kiungo"

Andika curl.exe, usiishie curl, kwa sababu PowerShell iliyokuja na Windows ina amri yake nyingine inayojibu jina hilo. Alama za nukuu kwenye kiungo usiziache, vinginevyo kila & itavuruga amri. Nayo -C - inapima faili ulilonalo na kuendelea pale lilipoishia.

Onyo moja zito. Kama uliwahi kuwasha upakuaji sambamba (faili kushushwa vipande kadhaa kwa pamoja) kwenye chrome://flags, hayo mabaki yanaweza kuwa na matundu: mwanzo upo, katikati hamna, mwisho upo. Ukubwa unaouona haukwambii ukweli, na curl itaunganishia kwenye mwisho wa uongo. Hapo Endelea ya Chrome pekee ndiyo inajua matundu yalipo.

Ukimaliza hakiki:

certutil -hashfile D:\Mizigo\mfumo.iso SHA256

Linganisha na namba iliyo kwenye tovuti ya faili. Tofauti ya herufi moja tu, tupa.

Futa_Yote

Nimenyoosha mikono kwa habari ya kache. Firefox je, nako ni hivyohivyo?

mfereji64

Karibu sawa. Inatumia .part, na pembeni yake inaweka faili la baiti 0 lenye jina la mwisho ili kushika nafasi ya jina. Wengi wanalifungua hilo la baiti 0 wakadhani faili limeharibika. Kabla ya toleo la 98 la Machi 2022, faili lilianzia %TEMP% mpaka ujibu, na ukichagua "fungua kwa programu fulani" lilibaki hukohuko. Sasa linaanzia kwenye folda ya vipakuliwa. Kama lako bado linaanzia Temp, ingia about:config, tafuta browser.download.start_downloads_in_tmp_dir, hakikisha ni false.

Safari inaweka kifurushi chenye mkia wa .download, kwa kweli ni folda yenye faili nusu ndani yake. Kwenye Android, ukiona jina linaanza na .pending- ujue ni faili ambalo halijakamilika.

kisanduku_D

curl imeendelea kuanzia GB 3.1, SHA256 zimelingana. La GB 6.2 nalo limeshuka kwenye D. Nimejaribu kulinakili kwenye flashi, inakataa kwamba faili ni kubwa mno, na flashi ina GB 32 tupu.

nukta_mkato

Flashi hiyo ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ibadilishe iwe exFAT. Na usije ukaifanya folda ya vipakuliwa ikiwa bado FAT32: .crdownload itapanda vizuri hadi karibu GB 4 kisha ife palepale, kila mara.