Wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza: kanuni za darasa zitangulie, au wanafunzi wafahamiane kwanza?

mwalimu_wa_kata:

Walimu wenzangu, habari za kazi. Januari nitakuwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Kwanza katika shule ya kata ambako mkondo mmoja una wanafunzi zaidi ya 70, na wanatoka katika shule za msingi za vijiji mbalimbali. Karibu nusu yao humaliza Darasa la Saba katika shule moja iliyo jirani nasi, kwa hiyo hufika wakiwa wanajuana, hukaa pamoja na hucheka pamoja, ilhali wale wa vijiji vya mbali, ambao pengine ni wawili au watatu tu kutoka kila kijiji, hujikusanya nyuma na kunyamaza. Sheria za shule wanazo tayari, kwa sababu zimeandikwa katika fomu ya maelekezo ya kujiunga ambayo mzazi huisaini, na mwalimu wa nidhamu huzisoma tena paredi. Ninalotafuta ni kanuni za darasa lenyewe, yaani namna tutakavyoishi ndani ya chumba kile kwa mwaka mzima. Je, nianze nazo siku ya kwanza, au nianze kwa kuwafahamisha wanafunzi? Na utambulisho wenyewe utafanyikaje katika darasa kubwa namna hii bila kumaliza vipindi viwili kusikiliza majina ambayo hakuna atakayeyakumbuka?

ChakiNyeupe:

Mwalimu, ningekushauri uanze na majina, kwa sababu kanuni inayosema "tuheshimiane" haina uzito kwa mtoto ambaye hamjui hata anayeketi ubavuni mwake. Lakini usiwasimamishe mmoja mmoja mbele ya darasa. Mtoto aliyetoka peke yake kijijini kwao atasema jina lake kwa sauti ya chini, kundi la wenyeji litacheka lafudhi yake, na kicheko hicho kitamfuata hadi mwisho wa muhula.

Watoe nje, uwanjani, na uwaombe wajipange kama ramani ya kata. Mwambie mmoja asimame mahali pa shule, mwonyeshe barabara kuu inapita wapi na mto uko upande gani, kisha kila mwanafunzi atafute mahali pa nyumbani kwao. Watalazimika kuulizana: "Wewe unatokea ng'ambo ya mto?" "Mnapita njia ya mnadani au ya zahanati?" Katika muda mfupi watakuwa wamegundua nani wanaweza kutembea naye asubuhi, na wewe mwalimu utaona kwa macho yako ni nani anayetoka mbali kiasi kwamba kuchelewa kwake hakutakuwa uvivu. Hilo la mwisho litakusaidia sana utakapofika kwenye kanuni ya kuwahi namba, yaani kuhesabiwa kwa wanafunzi asubuhi.

Baada ya hapo wapange wawili wawili, kila mmoja na mwenzake kutoka shule nyingine ya msingi. Wape maswali matatu: unapenda kuitwa jina gani, ni kazi gani unaweza kumfundisha mtu mwingine, na ni somo gani linakutia hofu. Kisha jozi mbili ziungane, na kila mmoja amtambulishe mwenzake badala ya kujitambulisha. Kwa njia hiyo darasa zima linazungumza kwa wakati mmoja, hakuna anayesimama peke yake mbele ya watu 70, na mwenye haya anasikia akisemwa vizuri na mtu mwingine. Swali la jina msilipuuze, kwa sababu majina ya utani ya kuumiza huzaliwa wiki hiyohiyo ya kwanza.

mwalimu_mkongwe:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu uwanjani, ila sikubali kwamba kanuni zingoje. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ana hofu. Hajui choo kiko wapi, hajui kama anaruhusiwa kuomba kwenda, na hajui akichelewa atafanywa nini. Kumwacha siku tatu bila kumweleza ni kumwongezea hofu hiyo. Mpe mambo machache siku ya kwanza, na uyafundishe kwa vitendo kama unavyofundisha hesabu.

Chukua mfano wa madaftari. Katika darasa la watu 70, kukusanya madaftari bila utaratibu hula dakika kumi za kipindi na huzaa msukumano. Waonyeshe: daftari linaanzia kiti cha nyuma, linapokelewa na kuwekwa juu ya la mwenye kupokea, mpaka rundo lifike mbele, na wa mbele analileta mezani likiwa limeelekea upande mmoja. Wafanye mara ya kwanza, warudie, warudie tena. Fanya hivyohivyo kwa kuomba ruhusa, kwa zamu ya usafi, na kwa namna ya kuingia mwalimu anapokuwa tayari darasani. Kanuni iliyofanyiwa mazoezi haihitaji kukumbushwa kwa ukali.

Jambo jingine: uwaeleze mapema kitakachotokea kanuni ikivunjwa, na usiahidi usilo na mamlaka nalo. Kwa kanuni za mwaka 2002 za nchi yetu ya Tanzania, kiboko si uamuzi wa mwalimu wa darasa. Ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, hakizidi viboko vinne, na lazima kiandikwe katika kitabu maalumu. Binafsi naona darasa lililoanza vizuri halifiki huko.

mwalimu_Kilifi:

Hamjambo kutoka Kenya. Huku kwetu viboko viliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya mwili pamoja na mateso ya kiakili. Kwa hiyo nitazungumzia yale mawili yanayobaki katika shule nyingi, kwenu na kwetu, na ambayo huharibu kufahamiana kabla hakujaanza.

La kwanza ni orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anapotoka, kiongozi wa darasa anabaki na karatasi, na jina la rafiki yake haliandikwi kamwe. Katika darasa lako, mwalimu, ambalo nusu nzima imetoka shule moja, karatasi hiyo itawajaa watoto wa vijiji vya mbali. La pili ni kile kibao anachovishwa shingoni mtoto aliyezungumza lugha ya nyumbani, ambacho anakiondoa tu akimkamata mwenzake. Huwezi kuwaambia watoto wasaidiane huku umewapa kazi ya kuwindana.

mwalimu_wa_kata:

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Hoja ya kibao imenigusa, maana wanafunzi wetu wamesoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Je, kanuni za darasa tuziandike kwa lugha gani? Na kiongozi wa darasa nimchague lini?

ChakiNyeupe:

Mzitunge kwa Kiswahili, bila wasiwasi wowote, kwa sababu kanuni ambayo mtoto hakuielewa hajakubaliana nayo. Zikishakubaliwa, zitafsirini pamoja katika kipindi cha Kiingereza na mbandike ukutani zote mbili. Na ile ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote kwa mwaka huo ni hii: hakuna anayemcheka mwenzake anapojaribu kusema Kiingereza. Iandikeni ya kwanza. Anayechekwa mara moja hanyooshi mkono tena, na mwalimu wa kila somo atadhani mtoto huyo hajui kitu.

Kuhusu kiongozi, usipige kura wiki ya kwanza. Kura ya wiki ya kwanza ni hesabu tu ya nani ametoka shule yenye watoto wengi. Weka zamu: kila wiki mvulana mmoja na msichana mmoja kutoka shule tofauti za msingi, wapokee chaki, wasimamie usafi na wapeleke taarifa ofisini, kisha mchague baada ya likizo fupi ya katikati ya muhula, wakati kila mtu ameshaona nani anafanya kazi.

mwalimu_mkongwe:

Naongeza moja, kwa sababu husahaulika. Si wote watakaoripoti siku ya kwanza. Wapo watakaofika wiki kadhaa baadaye kwa sababu ya sare, madaftari au nauli, na watakuta wenzao wameshajuana na kanuni zimeshabandikwa. Tumia ile ramani ya uwanjani: kila anayechelewa kuripoti mkabidhi kwa mwanafunzi anayepita naye njia moja, huyo amweleze kanuni kwa maneno yake mwenyewe, amwonyeshe utaratibu wa madaftari, na awe naye dawati moja kwa wiki mbili. Wewe mwite pembeni umsalimie kwa jina analopenda, halafu muulize kama ziko kanuni ambazo hazikumwingia vizuri.